Jioni ya Taa Badala ya Kugonga Milango

Oktoba ikiingia, barua za wazazi huanza kufanana. Mtoto ameona kwenye runinga au amesimuliwa na mwenzake shuleni habari za Halloween, ule usiku wa tarehe 31 ambapo watoto wa Marekani, Kanada na Ireland huvaa vinyago wakapita nyumba hadi nyumba wakiomba pipi, na sasa naye anataka. Barua za safari hii zinatoka Mwanza na kandokando ya ziwa. Tumezijibu kwa pamoja.

Wanangu wawili, wa miaka saba na kumi, wananidai Halloween. Hapa Nyegezi nikiwaachia wakagonge mageti usiku, nusu ya majirani watadhani ni vibaka na nusu iliyobaki watafungulia mbwa. Kuwakatalia kabisa nako naona si haki. Nifanyeje? – Mama, Nyegezi

Mama, shida ni mageti na giza, watoto hawana kosa. Mtoto anayelilia Halloween anataka mambo matatu: kutoka nje jioni na wenzake, kuvaa kitu kisicho cha kila siku, na kurudi na mfuko ulioshiba. Yote matatu yanapatikana ndani ya uzio mmoja. Huko Marekani kwenyewe makanisa na shule nyingi huegesha magari uwanjani, hufungua buti na kuzipamba, na watoto hupita gari hadi gari. Kwetu meza zinatosha, au bajaji kama mtaani zipo za kuazima.

Tafuta kaya sita mnazoaminiana, na moja kati yao itoe ua. Kila kaya inasimamia meza moja. Mtoto hapewi kitu kwa kufika tu. Kila meza ina kazi yake. Meza ya kwanza kitendawili. Ya pili kulenga: makopo sita yamepangwa piramidi, mpira wa soksi, hatua nne nyuma kwa wakubwa na mbili kwa wadogo. Ya tatu ni boksi lenye tundu la mkono: ndani weka bakuli la tambi zilizochemshwa na kupoa, ndizi mbivu iliyomenywa, mtama mkavu na sifongo iliyoloa, mtoto ataje anachogusa bila kuona. Hii ndiyo watakayoizungumzia wiki nzima, kwa hiyo muweke mtu mwenye maneno. Ya nne kuruka kamba, ya tano kupakwa rangi usoni, ya sita kuchagua taa ya kubeba.

Hesabu yake ni hii. Watoto 20 mara meza sita ni vijizawadi 120. Ongeza 12 vya akiba kwa wadogo watakaoangusha vyao na jirani atakayekuja na binamu bila taarifa. Gawa watoto makundi sita ya watatu au wanne, kila kundi lianzie meza yake, na wabadilishane kwa firimbi kila baada ya dakika tano. Mzunguko mzima unachukua nusu saa na ushee. Usipogawa makundi, wote ishirini watakimbilia meza yenye pipi na meza ya kitendawili itabaki na mwenyewe. Kila mtoto apewe kadi yenye visanduku sita, anayesimamia meza anatia alama. Bila kadi, wakubwa wanazunguka mara mbili na wadogo wanalia.

Vijizawadi vyote viwe mikononi mwa mtu mmoja hadi saa 11 jioni, ndipo avigawe mezani. Ukiacha kila kaya inunue vya kwake, moja itasahau, nyingine italeta chokoleti za bei mbaya, na wenye ubuyu watajiona wanyonge. Sisi tungeweka bisi, kashata, ubuyu, ndizi, na hasa michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo watoto wengi wa mjini sasa wanavikuta kwa bibi tu. Kikombe kimoja cha mahindi ya bisi kinatosha watoto ishirini, kila mmoja kikombe chake, na chenji inabaki. Zikaange sufuria ikiwa imefunikwa na mfuniko uachie upenyo mdogo. Mvuke ukikosa pa kutokea bisi zinalainika na kuwa kama sponji.

Kwa mifuko, kumbuka ile ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Mifuko ya karatasi inafaa, kikapu cha ukili kinapendeza zaidi.

Anza saa 11 na nusu. Mwishoni mwa Oktoba jua la Mwanza huzama saa 12 na nusu na dakika chache, kwa hiyo meza zinaisha bado kuna mwanga, na giza linapoingia watoto wanawasha taa zao na kuzunguka ua mara mbili wakiimba. Kipindi cha giza kiwe na mtu mzima mmoja kwa kila watoto watano, na saa 1 na nusu kila mtu awe kwake. Mtoto wa chini ya miaka minne atembee na mama yake, na asilazimishwe kutia mkono kwenye boksi.

Nimejaribu kuchonga boga kama wanavyofanya wao. Kifuniko kilitumbukia ndani, mshumaa ukazimika, na siku ya tatu lilikuwa linanuka. Tena maboga yenyewe Oktoba ni ya kutafuta. – Baba, Buhongwa

Baba, hayo yote yana dawa. Chagua boga la kilo tatu au nne lenye kitako bapa na kikonyo kigumu. Usijali kwamba letu ni la kijani au lina mistari. Ndani ni la njano, na mwanga hutoka njano. Kifuniko hutumbukia kwa sababu kisu kilisimama wima. Kilaze, ncha ielekee katikati ya boga, ili kifuniko kiwe kipana juu na chembamba chini. Katia pia kipembe kimoja kwenye ukingo kama alama, usihangaike kukizungusha kila ukikirudisha.

Kwangua kwa kijiko cha chuma mpaka ukuta ubaki sentimita mbili na nusu hivi. Ukiuacha mnene mwanga haupenyi. Ukiupunguza mno uso unajikunja kesho yake. Watoto wachore kwa kalamu, mtu mzima akate kwa kisu kidogo chenye meno, akianza na macho, kisha pua, mdomo mwisho. Mdomo ukitangulia unadhoofisha ukuta wakati bado unausukuma.

Mshumaa ulizimika kwa kukosa hewa. Tia tundu la ukubwa wa kidole gumba kwenye kifuniko, ama achana na mshumaa kabisa utumie taa ndogo ya betri au ya sola, na hilo ndilo tunalolishauri palipo na watoto waliovaa mavazi ya nailoni. Kuoza hakuepukiki kwa joto letu. Lichonge siku hiyo hiyo au jioni ya kuamkia, paka mafuta ya mgando kwenye kingo zilizokatwa, na tarehe 1 lipeleke kwa mbuzi.

Nyama uliyokwangua ipikwe siku hiyo hiyo. Boga lililokaa nje usiku kucha na taa ndani halirudi jikoni. Mbegu zioshe, zichemshe dakika kumi kwenye maji ya chumvi, zianike zikauke, kisha kaanga bila mafuta kwa moto mdogo mpaka zianze kuruka.

Boga likikosekana, papai bichi kubwa linafaa kuliko watu wanavyodhani. Ukuta wake ni mwembamba, kisu kinapita bila nguvu. Tatizo ni utomvu, unawasha ngozi na ukiingia jichoni ni kilio. Lichanje mistari michache, lisimamishe kwenye ndoo ya maji robo saa utomvu utoke, na paka mikono mafuta ya kupikia kabla ya kuanza. Tikiti maji nalo linatoa mwanga mwekundu mzuri sana, ila kwa jioni moja tu.

Lakini taa ya kubeba mkononi tungeitengeneza kwa kopo. Mji wenye mtaa uitwao Makoroboi haukosi makopo wala mafundi. Chukua kopo la maziwa ya unga, lijaze mchanga mbichi na ulishindilie hadi juu, zungushia karatasi yenye mchoro wa nukta, kisha toboa kila nukta kwa msumari wa inchi tatu na nyundo. Mchanga ndio siri: kopo tupu linabonyea pigo la kwanza. Kung'uta mchanga, gonga kingo kali zilale, funga waya juu na uning'inize kwenye fimbo ya sentimita 50. Ndani weka taa ya betri. Koroboi yenyewe, yenye mafuta ya taa na utambi wazi, iache ibaki kwenye jina la mtaa.

Nafundisha watoto kanisani. Wazee wetu wamesema Halloween ni ushetani, hawataki kusikia jina. Watoto nao wanaulizana. Tarehe 31 tufanye nini kisichotugombanisha? – Mwalimu wa shule ya Jumapili, Igoma

Mwalimu, jina liache, tarehe ichukue. Tarehe 31 Oktoba ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, inayoadhimishwa 1 Novemba, na kesho yake ni kumbukumbu ya Marehemu Wote. Ireland na Scotland ilikuwepo pia sikukuu ya zamani ya kufunga mavuno, Samhain, iliyoangukia siku hizo hizo, na desturi zikachanganyika. Wairishi walichonga taa za tanipu. Walipohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19 wakakuta maboga. Mambo ya pipi yalienea huko karne ya 20. Kwa Walutheri, tarehe hiyo hiyo ni kumbukumbu ya Matengenezo ya Kanisa, kutokana na hoja za Martin Luther za mwaka 1517 kule Wittenberg. Kwa hiyo madhehebu yoyote yenu iwayo, sababu ya kukusanya watoto siku hiyo mnayo, na haihitaji ruhusa ya Hollywood.

Kama ninyi ni Wakatoliki au Waanglikana, wavisheni watoto kama mashahidi wa Uganda, wale waliouawa kwa ajili ya imani. Ni historia ya ziwa hili hili: mwaka 1879 wamisionari Wakatoliki, Padri Simeon Lourdel na Bruda Amans, walivuka kwa mtumbwi kutoka upande wetu wa kusini kwenda Buganda, na miaka saba baadaye, tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto Namugongo kwa amri ya mfalme wa Buganda, Kabaka Mwanga. Kizito, anayetajwa kuwa mdogo kuliko wote, alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Walitangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Wengi wao walikuwa vijana wahudumu wa ikulu, na vazi lao ni rahisi: kitambaa kimoja cha rangi ya udongo, mita moja na nusu kwa mtoto wa miaka minane, kimefungwa begani. Kila mtoto akariri sentensi tatu za mtu anayemwigiza. Zikizidi tatu wanasahau, na jioni inageuka mtihani.

Mkiwa na watoto wa Kiislamu mtaani mnaotaka kuwaalika, fanyeni sehemu mbili: ibada yenu kwanza, kisha michezo na taa uani kwa wote, na kadi ya mwaliko iseme hivyo waziwazi. Pipi za kutafuna zenye jelatini ziepukeni, wazazi wao watauliza imetokana na mnyama gani.

Jambo moja zaidi. Huko Philadelphia mwaka 1950 watoto walianza kupita nyumba kwa nyumba siku hiyo wakikusanyia UNICEF fedha badala ya kujiombea pipi. Mnaweza kuigeuza hata zaidi: kila mtoto aje na kipande cha sabuni au daftari, na kundi liende mchana na mwalimu kwa wazee wawili watatu waliopewa taarifa mapema. Bibi asiyejua mnakuja atahangaika kutafuta chai ya watu kumi na watano.

Binti yangu wa miaka tisa anataka kuvaa kama mchawi, kofia ndefu, macho mekundu, kama alivyoona kwenye katuni. Mdogo wake anataka kuwa shujaa yule wa nyekundu na bluu. Sina hela ya mavazi ya dukani. – Mama, Kirumba

Dada, tuanze na la kwanza maana ndilo zito. Usimvishe. Katuni hiyo imetoka nchi ambako mchawi amebaki kuwa hadithi. Kanda ya Ziwa hii, bibi vizee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu wenyewe unatokana na miaka ya kupikia kuni na mavi ya ng'ombe kwenye jiko lisilo na pa kutokea moshi. Mtoto anayepaka macho nyekundu akajikunja kama bibi kikongwe anacheka kitu ambacho kwa jirani yake huenda ni msiba. Kwa sababu hiyo hiyo mtu asipakwe rangi nyeupe mwili mzima kuigiza zimwi. Watu wenye ualbino wameteseka vya kutosha. Na mtu yeyote aliyeziba uso, hata kijana wa miaka 14, asitoke nje ya uzio usiku. Kelele ya "mwizi!" haisubiri maelezo.

Mwambie binti ukweli huo kwa lugha yake, ana miaka tisa, ataelewa. Kisha mpe kitu kizuri zaidi: kipepeo kwa khanga mbili, malkia, rubani, daktari wa hospitali ya Bugando mwenye koti la shati jeupe la baba.

Huyo mdogo ana bahati, shujaa wake anaishi hapa. Nenda naye mchana kwenye mawe yoyote ya Mwanza, mtamwona mjusi dume mwenye kichwa na mabega mekundu na kiwiliwili cha bluu, anatikisa kichwa juu chini akimtambia mwenzake. Wanasayansi wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae, na watu wengi duniani wanamfananisha na Spider-Man. Fulana nyekundu na suruali ya bluu utazipata mitumba Mlango Mmoja. Mkia ni mguu mmoja wa taiti kuukuu, uliojazwa vitambaa na kushonewa kwenye mkanda. Urefu sentimita 50 basi. Ukigusa ardhi wenzake wanaukanyaga na mkanda unakatika dakika ya tano.

Usoni usitumie rangi ya ukuta, wino wala rangi ya kucha. Masizi safi ya sufuria yakichanganywa na mafuta ya mgando kidogo yanachora sharubu na magamba vizuri. Kwa rangi, changanya kijiko kimoja cha chakula cha kornflaua, kijiko kimoja cha mafuta ya mgando na matone mawili matatu ya rangi ya chakula. Matone yakizidi, uso utakwenda nao shule Jumatatu. Jaribu kwanza kwenye mkono wa ndani siku moja kabla. Kinyago cha boksi kiwe cha nusu uso na matundu ya macho yawe na upana wa sentimita nne. Matundu madogo ya kupendeza ndiyo yanayoangusha watoto kwenye ngazi.

Kashata zangu za karanga ama zinakuwa mchanga, ama zinanata kwenye karatasi. – Dada, Pasiansi

Zinapokuwa mchanga, sukari imerudi kuwa chembe. Zinaponata, haikuiva. Chukua karanga nusu kilo zilizokaangwa na kumenywa, sukari gramu 350, maji nusu kikombe, maji ya limau kijiko kimoja cha chai na hiliki. Koroga sukari na maji kabla ya kuchemka tu. Ikishachemka weka mwiko chini. Kila ukikoroga unaangusha chembe kutoka ukingoni, na chembe moja inatosha kuigandisha sufuria nzima. Limau linasaidia kuzuia hilo. Ukiona sukari imeganda pembeni, ipitishie brashi yenye maji.

Pima kwa kudondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Likiwa laini kama gundi, endelea. Likikatika "ta!" ukilikunja, imeiva, na rangi itakuwa ya asali. Hapo mimina karanga zikiwa za moto. Karanga baridi zinaishtua sukari na unarudi kwenye mchanga. Geuza haraka, mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, sawazisha unene wa sentimita moja, ukate ndani ya dakika tatu nne. Vipande vya sentimita tatu kwa tatu utapata sabini hadi themanini. Zikipoa funga kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana siku hiyo hiyo, maana hewa ya ziwani msimu wa vuli ina unyevu na kashata huunyonya.

Sukari iliyofikia hapo ina joto la nyuzi 150 na hunasa kwenye ngozi, kwa hiyo watoto wasiwe jikoni. Walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima, zinakaba, watwangie. Na ulizeni wazazi wenzenu kama kuna mwenye mzio wa karanga.

Tunaishi Mabatini, mawe yapo mlangoni. Naweza kuficha zawadi kwenye mawe watoto watafute usiku na tochi? – Kaka, Mabatini

Mchana, sawa. Usiku, hapana, na kwenye nyufa kamwe. Nyufa za mawe ni makao ya nge na nyoka, na mtoto anayetafuta zawadi huingiza mkono kabla ya jicho. Funga zawadi kwenye matawi na vigingi, juu ya kiuno, kila moja na utepe wa kitambaa chekundu. Andika idadi uliyoficha, na usifunge hata moja kwenye jiwe linalohitaji kupandwa. Anza saa 10, malizeni kabla ya saa 12. Giza likiingia chezeni kombolela uani, mawe yakiwa nje ya mpaka.

Na mvua ikinyesha? – Wasomaji watatu, Ilemela na Magu

Itanyesha, au angalau itatishia. Vuli ndiyo inaanza. Andaeni sebule kwa mchezo wa vivuli. Tundika shuka jeupe mlangoni, linyunyizie maji kidogo na ulivute lisiwe na mikunjo. Nyuma yake, mita mbili hivi, weka tochi moja ya simu kwenye kiti, na watazamaji wakae upande wa pili taa za sebuleni zikiwa zimezimwa. Umeme ukikatika ndiyo vizuri zaidi.

Kata wahusika kwenye boksi ngumu, urefu wa sentimita 20, gundisha kijiti cha mshikaki mgongoni. Sungura atambulike kwa masikio, fisi kwa mgongo ulioteremka. Kwenye kivuli, rangi na macho ya kuchora havionekani kabisa, umbo tu. Kikaragosi kikiwa karibu na shuka kivuli ni kikali, kikisogezwa kwenye tochi kinakua na kufifia. Hapo ndipo fisi anapogeuka jitu, na watoto watataka kurudia hilo tu. Vivuli vikitokea viwili viwili, kuna taa ya pili mahali fulani, kwa kawaida ni simu ya mtu anayerekodi.

Wajukuu wanakuja kutoka mjini. Nataka niwashe moto ufukweni niwasimulie hadithi, kama tulivyokuwa tukifanya. – Mzee, Nansio, Ukerewe

Shikamoo mzee. Kwa maoni yetu hii inazipita zote zilizotangulia. Machache tu ya usalama. Moto uwe na kipenyo cha mita moja, juu ya mchanga, mbali na nyasi kavu, makuti na mitumbwi. Usiuwashe juu ya jabali wala kuuzungushia mawe yaliyotoka majini. Maji yaliyomo ndani yakichemka jiwe hupasuka na vipande huruka. Usiku upepo kwa kawaida hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo wajukuu wakae upande wa nchi kavu, moshi na cheche viende majini.

Wasishike maji. Kichocho kipo, na jioni ni saa ya kiboko na mamba. Wale vidudu wa ziwani wanaopaa kama moshi hufuata mwanga. Wakitokea, tundika taa moja kali hatua ishirini pembeni, wataiendea hiyo.

Viazi vitamu vya ukubwa wa ngumi vifukie kwenye majivu ya moto, si kwenye ndimi, kwa dakika 45 hadi saa nzima, ukivigeuza mara moja. Hadithi ya dakika kumi inatosha kwa wadogo, kisha vitendawili, kisha nyingine. Watoto wa mjini huenda hawajui kuitikia. Wafundishe kwanza: ukisema "Hadithi, hadithi!" wajibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea."

Kuzima, mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena mpaka uweze kuyagusa kwa mkono. Usifukie kwa mchanga peke yake, kwa kuwa makaa hukaa na moto chini yake hadi asubuhi, na wajukuu watarudi pale pekupeku.